Mume wangu anataka mawe, mimi nimeipenda nyumba ya kiwandani

Mshauri mpendwa,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Tumepanga Donholm, nyumba ya vyumba viwili vya kulala, na kodi ni shilingi 28,000 kwa mwezi. Miaka minne iliyopita mimi na mume wangu tulinunua kiwanja cha futi 40 kwa 80 kule Ruai, na hatimiliki ina majina yetu sote wawili. Akiba yetu imefika shilingi milioni 1.4, na Sacco yangu imekubali kunikopesha milioni 1.5 nitakazolipa kwa miezi 60.

Mwezi uliopita nilienda kuona nyumba ya mfano ya kampuni moja inayouza nyumba za moduli. Ni masanduku mawili makubwa, kila moja mita 3 kwa 9. Yanatengenezwa kiwandani, yanaletwa kwa trela, yanashushwa kwa kreni na kuunganishwa ubavu kwa ubavu. Ndani mna vyumba viwili, sebule, jiko, choo na bafu. Nyaya, mabomba, rangi, hata makabati ya jikoni, vyote vimo. Bei ni shilingi 2,450,000. Wanasema wiki kumi na mmehamia. Wanataka asilimia 70 kabla ya kuanza kazi, na salio siku trela litakapofika kiwanjani. Bei hiyo ni hadi mwisho wa mwezi huu tu.

Mume wangu anataka nyumba ya mawe. Fundi wake amempa makadirio ya milioni 3.3, na mpango wake ni kwenda polepole: mwaka huu msingi na kuta, mwakani paa, kisha tumalizie tukiwa ndani. Mimi naogopa hiyo polepole. Jirani ya kiwanja chetu kuna nyumba imesimama kwenye lenta tangu tununue, na nyasi zimeota sebuleni.

Nilipompeleka kuiona nyumba ya mfano, tulienda na mama mkwe. Hakuuliza bei. Alikunja kidole akagonga ukuta mara tatu, ukalia kama debe tupu, akasema, "Hii ni kontena imepakwa rangi. Mtoto wangu hatalala ndani ya mkebe." Njia nzima ya kurudi baba watoto hakusema neno. Tangu siku hiyo nikitaja nyumba anasema benki haitaitambua, itashika moto, na kwamba hata mwizi anaweza kuibeba. Mimi nilidhani kuhamishika ni faida!

Kiwanja chetu ni udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi. Kutoka lami ni kama mita 600 za barabara ya vumbi, na kuna waya wa umeme unaokatiza juu ya mahali patakapokuwa geti.

Nimechoka kulipa kodi na nimechoka kubishana. Lakini pia sitaki kununua nyumba ambayo mume wangu ataona aibu kuiingia. Je, hii ni kontena kweli? Ni nyumba ya kudumu? Au mimi ndiye ninayemkimbiza mwenzangu?

Mama wa Donholm

Mama wa Donholm,

Asante kwa barua iliyotaja vipimo. Watu wengi hutuandikia "nyumba ya moduli" bila kusema hata urefu wake, na hapo ni vigumu kumsaidia mtu. Ninavyokuelewa, una mambo mawili yaliyofungwa pamoja: hujui hasa unauziwa nini, na hujui ukinunua itakuwaje kati yako na mumeo. Tuanze na hilo la kwanza, kwa sababu huenda hata hilo la pili likalegea mkijua mnabishania kitu gani.

Jina "moduli" siku hizi linabandikwa kwenye vitu vinne tofauti. Kuna kontena halisi, lile la bandarini. Lile fupi lina urefu wa mita 6.06 na upana wa mita 2.44 kwa nje, na ukisimama ndani unabaki na kama mita 2.35 tu kabla hujaweka hata ubao wa ukutani. Bati lake la mikunjo ndilo linalobeba uzito, kwa hiyo kila dirisha unalokata linahitaji fremu ya chuma kuzunguka tundu, la sivyo sanduku linaanza kupinda. Kuna nyumba za paneli, ambazo kuta zake huja zikiwa zimelala kwenye lori na kusimamishwa kiwanjani. Kuna nyumba za magurudumu za Marekani, ambazo ndizo nyingi mnazoona mtandaoni. Zile hujengwa juu ya chasisi ya chuma, na tangu tarehe 15 Juni 1976 zina kanuni yake ya kitaifa. Na kuna moduli yenyewe: sanduku la chumba kizima linalokamilika kiwandani, likaja kufungwa juu ya msingi wa kudumu na kufuata kanuni za ujenzi za mahali litakaposimama, sawa na nyumba ya mawe. Kule Marekani tofauti ya hizi mbili za mwisho ni ya kisheria, si ya maneno.

Yako ina upana wa mita 3. Hakuna kontena la kawaida la upana huo, kwa hiyo kuhusu jina mama mkwe amekosea. Lakini kidole chake kiliuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile: ndani ya huu ukuta mna nini?

Usimjibu kwa kijitabu cha matangazo. Iombe kampuni kipande cha ukuta kilichokatwa, hata cha ukubwa wa tofali, ukiangalie kwa ubavu. Kama ni mabati mawili membamba yaliyobana povu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya, hapo ndipo mlio wa debe unapotoka, na hofu ya mumeo kuhusu moto si ya kupuuzwa. Povu lile hulainika kwenye joto la karibu nyuzi 100 na likiwaka hutoa moshi mweusi mzito. Kama katikati mna sufi ya mawe (nyuzi laini kama pamba zilizotengenezwa kwa mawe), ukuta hauwaki na kelele hupungua sana. Kama ni nguzo za chuma chepesi zilizofunikwa kwa mbao za saruji, uliza nguzo zimepishana kwa umbali gani (milimita 400 au 600 ni kawaida), kama zimepakwa zinki, na kama bafuni wameweka ubao wa saruji au wa jasi (gypsum), maana jasi ya kawaida hunywa maji na kuvimba. Uliza pia wapi ndani ya ukuta wameweka vipande vya kushikilia kabati, televisheni na tangi la maji moto. Hivyo huwekwa kabla ukuta haujafungwa. Baada ya hapo skrubu hushika bati tupu, na kabati likijaa sufuria linang'oka.

Jambo jingine ambalo halionekani kwenye nyumba ya mfano ni joto. Ukuta wa mawe hupokea jua mchana na kulirudisha usiku. Ukuta mwepesi hupata joto upesi na kulipoteza upesi, na Julai ya Nairobi mnaijua. Unene wa kinga iliyo juu ya dari, na paa lililotokeza vizuri nje ya kuta, ndivyo vitakavyoamua kama mtaoka saa nane mchana na kutetemeka saa kumi alfajiri. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na kinga, hamtasikilizana mezani.

Sasa niruhusu nikuulize kuhusu ile 2,450,000. Umeilinganisha na milioni 3.3 za fundi, lakini bei yako huenda ni ya masanduku tu. Waandikie uwaulize kama imebeba msingi, usafiri, kreni, ada za vibali, kodi ya VAT ya asilimia 16, tangi la maji taka, na kuunganishwa maji na umeme. Ukiweka akiba na mkopo pamoja una milioni 2.9. Ukiilipa kampuni unabaki na 450,000, na udongo wenu unaweza kuzimaliza zote kabla ya maji taka kupata mahali pa kwenda.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nyumba nyingi za Ruai, Kitengela na Athi River huharibikia. Udongo mweusi hunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa. Wengi hudhani nyumba nyepesi iko salama zaidi juu yake. Ni kinyume. Nyumba nzito huukandamiza udongo unapotaka kuvimba, nyepesi huinuliwa, tena kwa upande mmoja kuliko mwingine. Kwa hiyo chimbeni shimo la majaribio mahali nyumba itakapokaa, mpaka mfikie tabaka gumu, na mhandisi wa miundo aliyesajiliwa alitazame. Atawaambia kama mtatoa udongo wote na kujaza maramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka kama milimita 150, au kama ni heri nguzo za zege zilizoshuka hadi penye ugumu na sakafu ikaachwa juu ya ardhi bila kuigusa. Maji ya paa nayo yapelekwe mbali na msingi. Bomba linalomwaga maji kwenye kona ya nyumba huvimbisha kona hiyo peke yake.

Msingi wa moduli una ukali mwingine. Fundi wa mawe akikosea sentimita mbili, lipu huzificha. Moduli haisamehi. Sakafu yenu ya mita 6 kwa 9 lazima iwe na pembe sahihi: vuta futikamba kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili zisome mita 10.82. Zikipishana kwa zaidi ya milimita chache, masanduku hayatakutana vizuri katikati. Kisha mpira mwangavu wenye maji, ule wa mafundi wa kupimia usawa, upite kwenye kila kona na kila boliti ya kufungia. Makosa ya hapo hujitokeza miezi michache baadaye: mlango ulio karibu na maungio unakwama, ufa mwembamba unakimbia darini, na mvua ya kwanza kubwa inapita pale masanduku mawili yalipoungana. Waulize maungio ya paa yanafunikwa na nini, na raba iliyo katikati inabadilishwaje ikichoka. Na hili ni muhimu: kama msingi utajengwa na fundi wenu na masanduku na kampuni, ufa ukitokea kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole. Mkataba useme nani anaukagua msingi na kuusaini kabla trela halijaondoka kiwandani.

Kuhusu njia, mzigo wa mita 3 umezidi upana wa lori la kawaida, na barabara kuu zinahitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Msafirishaji aitembee njia yote na kupima waya ulio chini kabisa. Ule wa getini ni kazi ya Kenya Power, si ya kijana mwenye kijiti. Kreni nayo haisimami popote. Miguu yake inahitaji ardhi ngumu, na kadiri inavyonyoosha mkono ndivyo inavyopungukiwa nguvu. Zile mita 600 kwenye mvua za masika zinaweza kuliweka trela lenu kwenye matope siku tatu huku kreni ikihesabiwa kwa siku.

Umeuliza kama ni ya kudumu. Ikifungwa kwenye msingi, ikapata maji, umeme na maji taka, ni jengo. Inahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, michoro ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa, na usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Muuzaji akikwambia "hii ni ya kuhamishika, haihitaji kibali," hatari hiyo anakuachia wewe. Na sifa ya kuhamishika, ambayo ulidhani ni faida, ipime tena. Kuihamisha ni kukata maungio, kukodi kreni na trela upya, na kujenga msingi mwingine. Kule Tokyo kulikuwa na jengo la Nakagin la 1972, lenye vyumba 140 vya kiwandani vilivyobuniwa ili kila kimoja kitolewe na kubadilishwa baada ya takriban miaka 25. Hakuna hata kimoja kilichobadilishwa, na mwaka 2022 jengo likabomolewa. Kwa upande wa benki, mumeo ana hoja nusu: dhamana yao ni ardhi na kilichoshikamana nayo, kwa hiyo kadiri nyumba inavyoonekana ya kung'oka, ndivyo mthamini atakavyoipunguzia thamani. Leo mnatumia Sacco, lakini mkitaka kuuza au kukopea nyumba hiyo siku za mbele swali hilo litarudi.

Nyumba ya fremu ya chuma lazima chuma chote kiunganishwe na waya wa shaba unaopeleka umeme uliovuja ardhini, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Shawa ya umeme ipate waya wake peke yake. Bila hayo, waya mmoja uliochubuka unaweza kuitia umeme nyumba nzima, na mtoto akashika kitasa.

Malipo ndiyo yaliyonitia wasiwasi zaidi. Asilimia 70 ni shilingi 1,715,000, yaani akiba yenu yote pamoja na sehemu ya mkopo, kabla hata chuma kimoja hakijakatwa. Kampuni ikiyumba, wewe utabaki ukiilipa Sacco na waliokudhamini wakikatwa. Mnaweza kupendekeza mpango mwingine: asilimia 30 mkisaini baada ya idhini ya kaunti kutoka; 30 mkishaona fremu, nyaya na mabomba kiwandani kabla kuta hazijafungwa, 30 masanduku yakishakaa na kuunganishwa, 10 ibaki mkononi mwenu miezi sita ili mvua moja ipite juu yake. Wakili wenu aandike pia kwamba masanduku yenye namba fulani ni mali yenu kadiri mnavyolipa. Kuhusu mwisho wa mwezi, ombeni kwa maandishi waongeze siku 45. Jibu lao litawaeleza mengi. Vilevile zile wiki kumi huenda ni za kiwandani tu, kwa hiyo vibali na shimo la majaribio vinatangulia. Muda unaookolewa kweli ni kwamba msingi na masanduku hujengwa kwa wakati mmoja.

Sasa mumeo. Umeiona "polepole" yake kama kukwama kwenye lenta, na hofu hiyo ina msingi: kuta zisizo na paa hunyeshewa, nondo zilizoachwa wazi hushika kutu, bei ya saruji haisubiri, na kila mwaka wa kungoja ni kodi ya shilingi 336,000. Lakini huenda yeye anaona upande mwingine wa sarafu, kwamba ujenzi wa polepole unasimama pesa zikiisha bila mtu kumdai, ilhali miezi 60 ya mkopo haisimami. Umewahi kumuuliza anaogopa nini hasa, ukuta au deni? Na ile njia nzima ya ukimya, ilikuwa juu ya bati, au juu ya kumsikia mama yake, mbele ya mkewe, akiiita mkebe nyumba ambayo yeye angelala? Sijui, na wewe usikisie. Muulize siku ambayo bei haimo mazungumzoni.

Pia si lazima muwe kambi mbili. Mnaweza kujenga mawe lakini madogo: chumba, sebule, jiko na bafu vikamalizwa na kuezekwa kwa milioni 2.9 au chini yake, na mchoro ukaonyesha tangu mwanzo ukuta utakaofunguliwa baadaye. Hatari yake ni kwamba watoto wawili watabanana, na "baadaye" inaweza kuwa ndefu. Au mtazame paneli za saruji, kama zile za kiwanda cha Shirika la Kitaifa la Nyumba kule Mavoko: povu katikati, wavu wa chuma pande zote mbili, kisha zege la kurushiwa kwa mashine. Ukuta ule ukigongwa hautoi mlio wa debe, kreni haihitajiki, wala waya wa getini si tatizo. Hatari yake iko kwa fundi: zege likirushwa jembamba au bila kumwagiwa maji siku za kutosha, ukuta hupasuka nyufa za nyuzinyuzi. Au mubaki na moduli, kwa masharti tuliyoyataja. Ila msimwage zege mkidhani msingi ni msingi tu. Ukuta wa mawe hukaa juu ya ukanda mrefu, moduli hukaa juu ya boliti na sehemu chache, na mhandisi lazima ajue nyumba ni ipi kabla hajachora.

Shimo la majaribio linahitajika kwa njia zote tatu, kwa hiyo hilo linaweza kuanza Jumamosi hii bila yeyote kushindwa. Kisha nendeni wawili, siku ya kazi, kiwandani kwenyewe na si kwenye nyumba ya mfano, mwone sanduku ambalo halijafungwa kuta. Na mama mkwe akitaka kuja, aje. Mwekeeni mezani kile kipande cha ukuta kilichokatwa, akigonge mwenyewe, na mumsikilize atakachosema. Wakikataa kuwapa kipande, tuandikie tena kabla hamjasaini chochote.